Shilingi Elfu Moja Mia Tano za Marehemu Baba

Marehemu Baba aliacha nyumba hapa Ngamiani, shamba la minazi upande wa Pangani, pesa kidogo benki, na sarafu moja ya dhahabu. Juu ya nyumba tulielewana kwa maneno machache. Shamba lilipimwa kwa kamba na vigingi, na kufika adhuhuri kila mrithi alikwisha kuijua minazi yake. Sarafu ndiyo iliyotukesheza. Iligombanisha watu wazima wenye mvi, ikamfanya binti asiye na kosa afungashe nguo zake huku analia. Ninakieleza kisa hiki kwa sababu naamini zipo nyumba nyingine zenye kitu kama kile ndani ya kabati, na wenyewe hawajawahi kukaa wakaulizana ni kitu gani.

Sarafu yenyewe hujaza kiganja kuliko hizi zetu za kila siku, na ni nzito kupita unavyoidhania kwa macho. Upande mmoja ina sura ya Mwalimu Nyerere, upande wa pili duma, na imeandikwa shilingi 1500. Ilitoka mwaka 1974. Wakati ule WWF na IUCN, mashirika ya kuhifadhi wanyama na mazingira, yalishirikiana na serikali za nchi zaidi ya ishirini kutoa sarafu zenye picha za wanyama, ili mapato yake yasaidie hifadhi. Tanzania ilitoa tatu: twiga kwenye sarafu ya fedha ya shilingi 25, faru mweusi kwenye ya shilingi 50, na duma kwenye hii ya dhahabu. Zilitengenezwa Uingereza, kwenye kiwanda cha Royal Mint, zikauzwa zaidi kwa watu wa ng'ambo wenye mapenzi ya kukusanya sarafu. Baba alikuwa karani wa mkonge. Yake alipewa na mtaalamu wa kigeni aliyekuwa anamaliza mkataba na kurudi kwao, akaifungia kwenye kikasha, kikasha akakifungia kabatini, na sisi watoto tuliruhusiwa kuiona siku za Idi tu, tukiwa tumekwisha kunawa mikono.

Baada ya arobaini tulikaa kikao cha mirathi. Msimamizi alikuwa Baba mdogo, mdogo wake marehemu, mtu aliyefanya kazi ya benki mpaka akastaafu, na uaminifu wake unajulikana mji mzima. Alikuwa ameandaa karatasi yenye mistari iliyonyooka. Chini ya kichwa cha fedha taslimu aliandika pesa za benki, pesa zilizokutwa ndani, kisha akaandika: sarafu ya ukumbusho, moja, shilingi 1,500.

Shangazi, aliyekuja kutoka Mombasa kwa msiba, aliinuka mkekani. "Unamgawia mke wa kaka yangu dhahabu kwa bei ya mkate?"

"Dada, mimi sikuipanga bei," Baba mdogo alijibu kwa upole. "Imeandikwa hapo. Hela thamani yake ni ile iliyoandikwa juu yake. Noti ya elfu kumi nayo ni karatasi, mbona huipimi kwenye mizani?"

Hoja yake haikuwa ya kijinga, na sitaki msomaji aione hivyo. Nchini petu mwenye mamlaka ya kutoa noti na sarafu ni Benki Kuu peke yake, na namba inayowekwa juu ya sarafu ndiyo ahadi yake. Baba mdogo aliishi kwa ahadi hiyo. Lakini hesabu ilipofika kwa Mama, kila mtu aliinamisha kichwa. Mjane mwenye watoto hurithi thumni, sehemu moja kwa nane. Thumni ya 1,500 ni shilingi 187 na senti 50. Mtu aliyemtunza mume zaidi ya miaka arobaini angepata, katika dhahabu ya mumewe, kiasi ambacho kondakta wa daladala hawezi hata kukirudishia chenji.

Nilimuuliza Baba mdogo jambo ambalo yeye peke yake pale ndani angeweza kulijibu: mwaka 1974 shilingi 1,500 ilikuwa nini? Alifikiri kidogo, na uso wake ukabadilika. Wakati ule dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti 14, kwa hiyo shilingi 1,500 zilikuwa karibu dola 210. Dhahabu nayo, kwa mwaka mzima wa 1974, haikufika dola 200 kwa wakia, na dhahabu safi iliyomo ndani ya sarafu ile haifiki wakia moja kamili. Yaani siku ilipotoka kiwandani, namba yake ilikuwa kubwa kuliko madini yake! Mtu angeipeleka dukani akainunulia vitu vya shilingi 1,500, angepata zaidi ya kuiuza kwa sonara. Miaka ikapita, shilingi ikashuka, dhahabu ikapanda. Leo wakia ya dhahabu imekwisha kupita dola 2,000, na shilingi 1,500 haifiki hata dola moja. Namba iko palepale, madini yamekwenda zake mbali.

Tuliahirisha kikao mpaka siku ya pili. Pesa taslimu zilirudishwa kwenye bahasha, bahasha ikaingia kabatini. Sarafu ilibaki juu ya meza ya sebuleni, kwenye kisahani cha chai, kwa sababu kila mtu alitaka kuiangalia tena kabla ya kulala.

Asubuhi kisahani kilikuwa kitupu.

Binti wa kazi ndiye aliyefagia sebule. Ni msichana kutoka Lushoto, mpole, aliyemuuguza Baba miezi yake ya mwisho kwa mikono ambayo baadhi yetu wenye damu yake hatukuwa nayo karibu. Shangazi hakusubiri. Alimwambia alete begi lake, akalimimina mkekani mbele ya watu: khanga mbili, viatu vya plastiki, kitana, picha ya mama yake iliyokunjika pembe, na mshahara wake umefungwa kwenye pindo la khanga. Shangazi akalifungua na lile pindo, akazihesabu pesa za mtoto wa watu moja moja. Kaka alikuwa ameshika simu, anasema aite polisi. Nilimwambia Shangazi aache, hakunisikia. Aliyemnyamazisha kila mtu ni Mama, na hakupandisha sauti. "Katika eda yangu hataitwa polisi nyumbani kwangu. Na huyu mtoto mrudishieni nguo zake."

Kisha Mama akafanya jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyelifikiria. Alikwenda mwenyewe mpaka mezani na kuinua kikombe kilichofunikwa pembeni ya kisahani. Chini yake kulikuwa na noti ya elfu moja na sarafu ya mia tano. Alizitazama, akauliza: "Mkate wa asubuhi ulinunuliwa kwa hela gani?"

Alfajiri alimtuma mjukuu wake, mtoto wa kaka, mwenye miaka saba na fahari ya kuwa ameanza kusoma namba kubwa. Alimwambia achukue ile elfu moja mia tano pale mezani, akanunue boflo, chenji anunue pipi. Mtoto alifika mezani. Hakuinua kikombe. Aliona kisahani, akaona kitu cha mviringo kimeandikwa shilingi, akazisoma tarakimu moja moja: moja, tano, sifuri, sifuri. Alitii alichoambiwa, hakukosea hata herufi. Alipotoka dukani alileta mkate, akanywa chai, akachukua msahafu wake kwenda madrasa. Sisi huku tunamimina begi la mtu.

Tulikwenda duka la Mpemba mtaa wa pili, mimi na Kaka, mbiombio. Mwenye duka hakuwapo alfajiri ile. Alikuwapo kijana wake mgeni, na alitueleza bila wasiwasi kwamba ndiyo, aliipokea. Alijua ni hela mpya. Sarafu kubwa kuliko zote tunazotumia ni ya mia tano, akadhani sasa imekuja ya elfu moja mia tano; ina Mwalimu, imeandikwa shilingi, ina mnyama kama zenzake. Mkate wa 1,200, pipi za 300, hesabu ikaisha. Baadaye alijaribu kumpa mama mmoja muuza chapati kama chenji, na yule mama akaisukuma kaunta: "Nipe hela, hiyo siijui." Kwa hiyo ilikuwa bado kwenye droo, kwenye kijumba cha mia mbili mbili, imelala juu ya sarafu za Mzee Karume.

Mwenye duka alipofika, alisikiliza pande zote, akaichukua sarafu, akaipima kwa kiganja. Nina hakika alitambua. Ni mtu aliyekulia penye akina mama wanaovaa dhahabu. Akaiweka kaunta mbele ya Kaka. "Hii mali yenu. Mimi nawadai mkate na pipi." Nilimpa noti ya elfu na ile mia tano ya chini ya kikombe. Alizipokea zilivyo, hakuongeza hata senti, wala hakukubali ya asante.

Nimelitafakari sana tukio la duka lile kuliko hukumu zote za barazani. Kijana mmoja aliipokea kwa namba yake, mama mmoja aliikataa, na mtu wa tatu akairudisha kwa namba ileile. Ndani ya asubuhi moja sarafu iliyokuwa imefungiwa tangu 1974 ilifanya kazi ya sarafu: ilinunua chakula, ikaingia kwenye droo, ikatolewa chenji. Na kama mwenye duka angekuwa mtu wa namna nyingine, kufuata namba ile kungetupora mamilioni.

Usiku ule baraza halikulala. Baba mdogo, ambaye kwa kweli anapenda sarafu kwa moyo wake wote, alitukumbusha kwamba nchi hii iliwahi kupiga dhahabu yake yenyewe. Ilikuwa 1916, katikati ya Vita Kuu. Meli za Waingereza zilikuwa zimeifunga pwani, na Wajerumani waliotawala Tanganyika hawakuweza kuletewa fedha kutoka kwao. Karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha sarafu. Dhahabu ilitoka mgodi wa Sekenke, na wakapiga sarafu ya rupia 15 yenye tembo aliyeinua mkonga, na mlima nyuma yake. Uzito wake ni gramu saba na kidogo, dhahabu ya karati 18. Zilipigwa zaidi ya elfu kumi na sita kabla jeshi la Wabelgiji halijaingia Tabora mwezi Septemba mwaka uleule. Leo matajiri wanaigombea kwenye minada, lakini ilizaliwa kwa dhiki, iwalipe watu waliokuwa wanadai. Kwa Baba mdogo hiyo ndiyo sarafu, na hapo nakubaliana naye bila kusita.

Shangazi alikuwa na ya kwake. Kenya ilipotoa dhahabu ya Mzee Kenyatta mwaka 1966, kwa kutimiza miaka 75, zilikuwa tatu: shilingi 100, 250 na 500. Ya mia moja ina gramu 7.6, ya mia tano ina gramu 38. Ukipiga hesabu, dhahabu ilifuata namba sawasawa, mara tano kwa mara tano. Mavyaa wake Shangazi, Mombasa, alikuwa nayo ya mia moja. Hakuiweka benki wala hakwenda nayo sokoni. Aliipeleka kwa sonara ikatiwa kikuku cha kuning'inizia, akaivaa harusini pamoja na pauni zake. Na hizo pauni nani wa pwani asiyezijua? Ni sarafu za Kiingereza za karati 22, za gramu karibu nane, zilizozunguka sokoni kama hela mpaka Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Kwa sheria ya kwao kila moja bado ni pauni moja tu mpaka leo. Mama zetu hawakuisoma sheria hiyo. Walizihesabu kwa uzito, wakawarithisha mabinti zao kwa uzito.

Mimi nilileta Kilwa. Katika karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, dhahabu ya Sofala ilipitia Kilwa kwenda Arabuni na Bara Hindi. Ibn Battuta alifika mwaka 1331 na kuusifu mji ule. Mji uliojaa biashara ya dhahabu, lakini sarafu za watu wake zilikuwa za shaba, ndogo, zimepigwa kwa maelfu, na wanaochimba magofu wanaziokota mpaka leo. Za dhahabu zenye jina la Sultani yule zilizochambuliwa na wataalamu ni tatu tu. Naiona wazi tofauti ya kazi zao. Shaba ilimnunulia mtu samaki na mtama. Dhahabu ilitangaza jina la mtawala, ikafika mikononi mwa wakubwa wenzake. Kwa hiyo jambo hili la kupiga dhahabu isiyokusudiwa kwenda sokoni halikuanzia Ulaya wala halikuanza jana.

Kaka alikuwa na simu mkononi, na yeye ndiye aliyetuletea zile za kupindukia. Kanada mwaka 2007 walitengeneza sarafu ya dhahabu ya kilo 100, upana wake nusu mita hivi, wakaiandika dola milioni moja za Kanada. Moja kati ya zilizotengenezwa iliazimwa jumba la makumbusho la Bode, jijini Berlin. Machi 2017 wezi waliingia usiku kupitia dirishani, wakitokea kwenye njia ya reli, wakaiondoa kwa toroli la kubebea zege. Namba yake ilisema milioni moja, dhahabu yake ilikuwa na thamani ya karibu yuro milioni 3.75. Vijana waliohusika walihukumiwa mwaka 2020, pamoja na mlinzi aliyewasaidia. Sarafu haijaonekana, na inaaminika ilikatwakatwa na kuyeyushwa. Wezi wale walijua wanachokichukua. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwenda kuinunulia kitu kwa milioni moja.

Australia nao, mwaka 2011, kiwanda cha Perth Mint kilitoa sarafu ya tani moja. Tani moja! Upana wa sentimita 80, kangaruu upande mmoja, Malkia Elizabeth upande wa pili, dola milioni moja za Australia. Hapo mimi nakataa moja kwa moja. Sarafu ni kitu ambacho mtu anaweza kukitoa mfukoni, mwenzake akakipokea kwa namba iliyoandikwa, na wakaachana hakuna aliyemdhulumu mwingine. Ile ya Perth haitoki mfukoni, na anayeitoa kwa namba yake amejiibia. Serikali inaweza kuipa jina la sarafu kwa sheria, na jina hilo ni halali kisheria, lakini pale ninaona bonge la dhahabu lililopewa sura ya Malkia.

Tena hata sheria yenyewe haikupi unachodhani. Uingereza, Royal Mint iliwahi kuuza sarafu za fedha za pauni 100 kwa pauni 100 hasa. Watu wakaona hapo hakuna hasara, wakanunua nyingi, wakazipeleka benki; benki zikazikataa. Sheria ya kule, sarafu ikiitwa halali kwa malipo, maana yake ni finyu: ukimpa anayekudai kiasi kamili kwa sarafu hiyo, hawezi kukushinda mahakamani kwa kusema hukulipa. Hailazimishi duka wala benki kuipokea. Bwana mmoja kusini-magharibi mwa nchi ile alijaza mafuta ya gari, akataka kulipa kwa sarafu ya namna hiyo, akaitiwa polisi. Baadaye polisi walimlipa fidia ya pauni 5,000. Yule bwana alikuwa na haki, na haki yake ilimgharimu siku na fadhaa.

Lakini kisa kilichomtikisa Baba mdogo ni cha Marekani. Mwaka 1933 zilipigwa sarafu za dhahabu za dola 20, laki nne na nusu kasoro kidogo. Kabla hazijatolewa, Rais Roosevelt akazuia dhahabu isiendelee kuwa hela mikononi mwa watu, na zote zikaamriwa ziyeyushwe. Chache ziliponyoka. Moja ilifika kwa Mfalme Farouk wa Misri mwaka 1944, ikapotea, ikaibuka New York miongo kadhaa baadaye, na baada ya kesi ndefu serikali ikakubali iuzwe. Mwaka 2002 ilinadiwa kwa zaidi ya dola milioni saba na nusu. Juu ya bei hiyo mnunuzi alitakiwa kulipa dola 20 nyingine. Za nini? Za kuifanya iwe hela. Kwa hesabu ya serikali, sarafu ile haikuwahi kutoka, kwa hiyo thamani yake iliyoandikwa ilikuwa haijalipwa bado. Mamilioni yote yale yalinunua dhahabu na historia. Dola 20 ndizo zilizonunua usarafu wake. Mwaka 2021 ikauzwa tena, kwa karibu dola milioni 19.

Baba mdogo alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi mambo hayo mawili yanaweza kutenganishwa kwa risiti." Akaichukua ile karatasi yake yenye mistari iliyonyooka, akaukata mstari wa sarafu kwa kalamu.

Tulitaka uhakika, kwa hiyo tulianza na benki. Sitaitaja. Mfanyakazi wa dirishani alikuwa na adabu, akamwita mkubwa wake. Mkubwa akatafuta kwenye kompyuta, hakuna sarafu ya 1,500 kwenye orodha yao. Akatuambia hata angeipokea angetuandikia shilingi 1,500 kwenye akaunti. Kisha tukaenda kwa sonara. Alitoa jiwe lake jeusi na kichupa cha tindikali, lakini Mama alikuwa ametuagiza kabla hatujatoka kwamba sarafu isisuguliwe. Sonara akakubali. Aliipima kwenye mizani, ikaja gramu 33.4. Akaifunga uzi mwembamba, akaizamisha ndani ya maji ikiwa bado inaning'inia, akapima tena, akapiga hesabu kwa penseli nyuma ya risiti. Dhahabu ni sehemu 900 katika 1,000, akasema, inayobaki ni madini ya kuipa ugumu. Safi ndani yake ni gramu 30. Alitaka kuinunua kwa bei ya kuyeyusha, atoe bangili. Mwingine, Dar es Salaam, alituasa tusiiguse wala tusiing'arishe, kwa sababu wapo wanaokusanya sarafu hizo ambao hulipa zaidi ya bei ya dhahabu, na mkwaruzo mmoja huwaondoa.

Shehe tuliyemwendea alimaliza kazi kwa utulivu. Kwanza alisema mauzo ya mtoto asiyebaleghe hayasimami, kwa hiyo tulichofanya dukani ni kurejesha, wala si kununua upya. Kisha akasema mali ya marehemu hugawanywa kwa thamani yake ya siku ya kugawa, na thamani ya kitu hiki inajulikana kwenye mizani. Kiwango cha zaka ya dhahabu ni gramu 85, kwa hiyo peke yake haifikii; lakini mwenye nayo aijumlishe na dhahabu nyingine aliyoiweka akiba, asije akasahau haki ya maskini kwa sababu ya namba 1500.

Mama aliichukua sarafu kama sehemu ya thumni yake, na sisi watoto tukachukua minazi zaidi na pesa za benki, kila mmoja kwa radhi yake. Shangazi alikwenda jikoni kabla hajarudi Mombasa. Hakutuma mtu. Alisimama mbele ya binti wa Lushoto, akasema, "Mwanangu nimekukosea, tena mbele ya watu, na mbele ya watu nakuomba radhi." Binti alimsamehe kwa mdomo, kesho yake akapanda basi la kwao. Eda ya Mama ilipokwisha, Mama alipanda milima ya Usambara mwenyewe, akaongea na wazazi wake, wakarudi pamoja. Mshahara wake sasa ni mwingine, na ufunguo wa kabati anao yeye.

Ndani ya kikasha tumeweka karatasi iliyoandikwa na Baba mdogo kwa mkono wake: sarafu ya dhahabu, Tanzania 1974, gramu 33.4, sehemu 900 kwa 1,000, haimo katika fedha taslimu. Kama kwenu ipo sarafu ya namna hii, ya duma, ya Kenyatta, ya tembo wa Tabora au pauni ya bibi, ipelekeni mizani, msikubali isuguliwe, na andikeni karatasi kama hii mwenye mali akiwa bado hai wa kuitia sahihi.